Wapeni Watoto Vipimo, Si Majembe Tu

Kila ifikapo tarehe 1 Aprili, ambayo ndiyo Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, wananchi wa Tanzania hushika majembe wakaenda kupanda miti. Viongozi hupanda, wafanyakazi hupanda, na wanafunzi, ambao hawakosi kuitwa penye kazi ya namna hiyo, hupanda kuliko wote. Desturi hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini liko swali moja ambalo yafaa tuulizane bila kuoneana haya: katika miti iliyopandwa mwaka jana, mingapi ingali hai? Ni rahisi kuonyeshwa hesabu ya miche iliyopokewa na mashimo yaliyochimbwa. Hesabu ya miti inayoishi ni nadra kuipata, kwa sababu mara nyingi hakuna mtu aliyeagizwa kuihesabu.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo. Sisi twaliona kuwa kubwa. Kupanda mti ni kazi ya mkono. Kujua kwa nini mti huu umeshika na ule wa pili yake umekauka ni kazi ya akili, na kazi hiyo ya akili ndiyo sayansi yenyewe. Shule inayompa mwanafunzi jembe bila daftari imempa nusu ya elimu, na pengine ile nusu iliyo ndogo. Kwa hiyo leo twataka kueleza nafasi ambazo walimu na wanafunzi wetu wanazo za kujifunza sayansi na mazingira kwa vitendo, na kueleza pia wajibu wetu sisi tulio nje ya darasa, wazazi na wafanyakazi, katika kuzifanya nafasi hizo ziwe na faida.

HALI ILIVYO

Hapana haja ya kumtisha msomaji. Mambo yenyewe yanatosha. Takwimu za Serikali zilionyesha kwamba kati ya mwaka 2002 na mwaka 2013 nchi yetu ilikuwa ikipoteza kiasi cha hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Barafu ya Mlima Kilimanjaro, ambayo ilipimwa mwaka 1912, ilipopimwa tena mwaka 2011 ilikuwa imepungua kwa kiasi cha asilimia 85. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011, na wakulima wa bonde la Rufiji hawajasahau maji ya mwaka 2024.

Mambo hayo yana sababu zake. Nyingine zatoka mbali, katika moshi wa viwanda vya nchi tajiri. Nyingine zatoka hapa hapa kwetu, katika mkaa tunaopikia, mabonde tunayojenga na vilima tunavyolima bila makinga maji. Mtu asiyeweza kuzipambanua sababu hizo ataishi kwa uvumi. Akiambiwa kwamba ukame umeletwa na jirani fulani, ataamini. Akiuziwa mbegu isiyofaa, atanunua. Akiambiwa kwamba hakuna la kufanya, atakaa chini akunje mikono. Elimu ya sayansi ni ngao ya mtu wa kawaida dhidi ya kudanganywa, na kwa ajili hiyo haiwezi kuwa mali ya wachache wanaofika Chuo Kikuu. Kijana atakayeishia kidato cha nne akarudi kijijini kulima, au akaenda mjini kuajiriwa kiwandani, aihitaji sawasawa na yule atakayekuwa daktari.

JEMBE LISIWE ADHABU

Fikra hii si ngeni kwetu. Mwezi Machi mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, nalo lilijulikana mno hata likawa msemo. Wengi walilishika neno moja tu, yaani kwamba kila shule iwe na shamba. Lakini andiko lilisema zaidi ya hapo. Lilitaka tabia za mbolea zielezwe katika somo la sayansi, kisha wanafunzi wazione faida zake na mipaka yake kwa macho yao katika shamba lao. Lilitaka wanafunzi washiriki katika kuamua, na matokeo ya kazi yao wayaone wao wenyewe. Shamba la shule lilikusudiwa kuwa darasa lisilo na paa.

Je, lilikuwa hivyo? Mahali pengine lilikuwa, na shule hizo zastahili sifa. Lakini wasomaji wetu wengi wamepita katika shule, nao wajua ilivyotokea mahali pengine pengi. Aliyechelewa kufika mstarini alitumwa kulima. Aliyeshindwa hesabu alitumwa kuchota maji ya kumwagilia bustani. Aliyekutwa akipiga kelele alichimba shimo. Hivyo jembe, ambalo babu zetu waliliheshimu hata wakalitoa mahari, likageuka kuwa kiboko cha pili. Mtoto aliyefundishwa kwa miaka saba kwamba udongo ni mahali pa kupelekwa wakosaji, atajifunzaje kuupenda udongo? Na tukimwambia baadaye kwamba mazingira ni uhai, hatatucheka moyoni?

Twasema waziwazi: adhabu za namna hiyo zikome. Kazi ya shambani na kazi ya miti ziwe ni sehemu ya somo, zifanywe na wote, mwenye akili na mzito, mtiifu na mtundu, mwalimu naye akiwamo. Na kila kazi ya mikono iandamane na swali, kipimo na daftari.

SWALI LA MWANAFUNZI WA MAGAMBA

Ili tusidhaniwe kwamba twasema maneno matupu, na tukumbuke kisa cha mwanafunzi mmoja wa nchi hii. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ndani ya jokofu ilikuwa inakaribia kwisha, na Mpemba, kwa kuogopa kuikosa, akayatia maziwa yake yakiwa yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi akakuta maziwa yake yamegeuka barafu, ilhali ya mwenziwe, aliyeyaweka bila kuyachemsha, yangali uji mzito.

Mpemba akamwuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Hakuridhika. Alipokwenda masomo ya juu katika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na safari hii akageuzwa kichekesho: kila alipokosea hesabu, wenzake walisema hiyo ndiyo fizikia ya Mpemba. Ndipo siku moja akafika shuleni hapo Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa chuo kishiriki. Mpemba akasimama mbele ya wanafunzi wote akauliza swali lile lile. Wenzake wakacheka. Mgeni hakucheka. Aliahidi kwenda kulijaribu swali hilo, akalijaribu kweli, na mwaka 1969 wao wawili wakatoa makala katika jarida la fizikia la Uingereza. Tangu hapo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilipotangaza zawadi kwa mtu atakayetoa maelezo bora ya sababu yake, majibu zaidi ya 22,000 yalipokewa. Na hata leo wataalamu hawajakubaliana, wengine wakisema kwamba jambo lenyewe hutokea kwa masharti maalumu tu, na wengine wakilitilia shaka.

Jambo moja katika kisa hiki halisemwi mara nyingi. Makala ile ilipotoka mwaka 1969, Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya Mlima Kilimanjaro. Yaani kijana yule wa barafu na majokofu ndiye yule yule aliyekwenda kusomea uhifadhi wa wanyama na misitu. Sayansi ya maabara na elimu ya mazingira hazikuwa vitu viwili kwake, wala hazipaswi kuwa vitu viwili kwetu.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Lakini kuuliza kwataka mtu wa kuulizwa asiyeona haya kusema: "Sijui, hebu tujaribu." Yule mwalimu wa kwanza hakuwa mtu mbaya, alifundishwa kwamba kazi ya mwalimu ni kuwa na jibu. Katika shule zetu leo wako wakina Mpemba wangapi walionyamazishwa? Hakuna ajuaye. Hasara ya namna hiyo haiandikwi katika daftari lolote.

NAFASI ZILIZOPO

Watu wengine hudhani kwamba nafasi za kujifunza sayansi na mazingira ziko Ulaya tu, au katika shule za kulipia fedha nyingi. Si kweli. Ziko hapa nchini, na mwalimu mwenye bidii aweza kuzitafuta.

Kwanza ziko klabu za Malihai, zilizoanzishwa mwaka 1980 ili kuwakusanya wanafunzi wapendao kujifunza habari za wanyamapori, misitu na maji. Klabu hizo zimekwisha kulea vizazi vya vijana ambao kwa mara yao ya kwanza waliiona hifadhi ya taifa wakiwa pamoja na mwalimu wao. Twasikitika kusema kwamba wako watoto wengi wanaozaliwa na kukua karibu na mipaka ya hifadhi, wanaomjua tembo kwa uharibifu wake shambani peke yake, ilhali mgeni kutoka mbali amjua kwa uzuri wake. Klabu iliyo hai yaweza kuliondoa pengo hilo.

Pili uko umoja wa vijana ujulikanao kama Roots & Shoots. Ulianza Dar es Salaam mwaka 1991, wakati wanafunzi 12 wa sekondari walipokutana na Jane Goodall kuzungumza juu ya mambo yaliyowasumbua katika mazingira yao. Leo vikundi vyake viko katika nchi nyingi za dunia, na chimbuko lake ni hapa kwetu. Yafaa vijana wakumbushwe pia jinsi mama huyo, aliyefariki dunia mwaka 2025, alivyoanza kazi. Alifika Gombe, mkoani Kigoma, mwaka 1960, bila shahada ya chuo kikuu, akiwa na darubini, daftari na subira. Mwaka ule ule akamwona sokwe akichukua ujiti wa nyasi, akauingiza katika kichuguu na kuvua mchwa. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakifundisha kwamba ni binadamu peke yake atumiaye vyombo. Daftari moja la mtu mwenye subira likawalazimisha wabadili mafundisho yao.

Tatu yako maonyesho ya Wanasayansi Chipukizi Tanzania, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Humo wanafunzi wa sekondari, wakiongozwa na mwalimu wao, huchagua tatizo la mahali wanapoishi, hulichunguza, kisha huonyesha matokeo yao mbele ya watu. Thamani yake haiko katika zawadi. Iko katika kumfanya mtoto wa shule ya kata asimame mbele ya mgeni na kueleza: nilidhani hivi, nikapima hivi, nikaona hivi.

Nne uko mpango wa GLOBE, ulioanza kazi mwaka 1995 na ambao sasa una nchi zaidi ya 120, Kenya na Tanzania zikiwamo. Katika mpango huo wanafunzi hupima mvua, mawingu, joto la hewa, udongo na maji kwa taratibu zinazofanana dunia nzima, na vipimo vyao huwekwa pamoja vitumiwe na wataalamu. Mtoto wa Dodoma na mtoto wa Brazil hupima kwa njia moja, na kila mmoja aweza kuyaona ya mwenzake.

Tano, kwa upande wa walimu, upo utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao kwa kifupi MEWAKA, ambao walimu hukutana katika shule zao na katika vituo vya walimu ili kufundishana. Utaratibu huo ni chombo kizuri mno, maadam usigeuzwe kuwa kikao cha kusoma waraka na kutia sahihi. Walimu wa sayansi wa kata moja wakikutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja akaleta jaribio moja lililofaulu katika darasa lake, baada ya mwaka watakuwa na hazina kubwa.

VIPIMO VISIVYO NA GHARAMA

Wako wasemao: "Maneno haya ni mazuri, lakini shule yetu haina vyombo." Twakubali kwamba maabara ni ya lazima. Kati ya mwaka 2012 na 2014 wananchi walichanga fedha na nguvu zao kujenga vyumba vya maabara katika shule za kata, na ni haki yao kudai vyumba hivyo viwe na vifaa na walimu. Lakini hatuwezi kukubali kwamba bila maabara hakuna sayansi. Na tutoe mifano.

Mwanafunzi achukue chupa ya plastiki iliyo wima, aikate sehemu ya juu, aigeuze iwe mrija wa kupokelea maji, atie changarawe chini na maji kidogo mpaka mahali panapoanza kuta zilizonyooka, kisha abandike rula ubavuni, sifuri yake ikae sawa na maji hayo. Hicho ni kipimo cha mvua. Kiwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, na kisomwe kila siku saa tatu asubuhi. Yaliyosomwa yaandikwe, na yaandikwe hata siku ambayo mvua haikunyesha, kwa kuwa sifuri nayo ni habari.

Sasa hesabu ifuate. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba huwa ni lita moja ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 160. Ikinyesha mvua ya milimita 10, paa hilo limepokea lita 1,600, yaani ndoo 80 za lita 20. Hata zikipotea baadhi, zinazobaki ni nyingi. Mwulize msichana atumwaye kila asubuhi kuchota ndoo moja mtoni, ni ndoo ngapi zilizomwagika bure jana usiku kutoka paa la shule yake. Swali hilo akishalijibu yeye mwenyewe, si rahisi kulisahau, na kamati ya shule nayo haitakuwa na la kujitetea ikiulizwa mifereji ya bati iko wapi. Haba na haba hujaza kibaba; basi kibaba nacho kihesabiwe.

Vivyo hivyo udongo. Konzi mbili za udongo zitiwe katika chupa ya maji, itikiswe kwa nguvu, kisha ikae. Mchanga hushuka chini kwa muda wa dakika moja hivi. Tope laini hushuka baada ya saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi huelea siku nzima na zaidi. Kwa kutazama unene wa tabaka zile mwanafunzi atajua kwa nini shamba la bonde hutuama maji na lile la mlimani hukauka upesi.

Hata urefu wa mti waweza kupimwa bila kuupanda. Karatasi ya mraba ikikunjwa pembe kwa pembe hutoa pembe ya nyuzi 45. Mwanafunzi aiinue machoni, upande mmoja ukiwa sambamba na ardhi, arudi nyuma polepole mpaka aone kilele cha mti kupitia upande ulioinuka. Katika uwanja ulio tambarare, umbali wake kutoka shina la mti, ukijumlishwa na kimo cha macho yake, ndio urefu wa mti. Jometri ambayo ubaoni ilimlaza usingizi itamwamsha chini ya mwembe.

Na jiko la shule lisisahauliwe. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kupikia kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliotolewa mwaka 2024 unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Basi wanafunzi wapime. Chungu kimoja cha makande chala kilo ngapi za kuni? Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yapunguza muda wa kupika kwa kiasi gani? Moshi wa jiko waathiri vipi macho na vifua vya wapishi? Amri ya Serikali ikipata vipimo vya watoto itaeleweka katika kila nyumba wanakotoka.

FUNZO LA SHINYANGA

Sayansi ya mazingira haikuja na vitabu tu. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa umegeuka karibu kuwa jangwa kwa kukatwa miti ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba, na kwa mifugo kuzidi malisho. Mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza, wataalamu walifanya jambo la busara: waliwauliza wenyeji. Wasukuma walikuwa na desturi yao ya zamani ya ngitili, ambayo kwayo sehemu ya malisho hufungwa wakati wa masika ili nyasi na miti vipate kukua, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi. Mwaka ule ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Funzo lake kwa shule ni hili. Wazee wa kijiji ni maktaba. Mwanafunzi atumwe kwa babu na bibi akaulize: mto huu ulikuwa ukikauka mwezi gani zamani? Mti gani ulikuwapo hapa na sasa haupo? Ndege gani aliyetangaza mvua? Kisha majibu hayo yalinganishwe na daftari la kipimo cha mvua. Pengine babu atathibitishwa, pengine atasahihishwa, nalo hilo si kosa la adabu. Utafiti na heshima vyaweza kukaa mkeka mmoja.

LUGHA NA MITIHANI

Yako mambo mawili yanayozuia. La kwanza ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali hujifunza sayansi kwa Kiswahili miaka yote, kisha aingiapo kidato cha kwanza hukuta mambo yale yale yamevaa nguo ya kigeni. Wengi hunyamaza hapo. Si kwamba hawajui. Hawana maneno ya kusemea wanayoyajua. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa, nao hauwezi kumalizwa katika ukurasa huu. Lakini klabu ya sayansi haifungwi na mtihani wa lugha. Humo mwanafunzi aulize kwa Kiswahili, abishane kwa Kiswahili, na ripoti yake aisome kwa Kiswahili mbele ya wazazi wake. Kiingereza atakijifunza, nacho kitamfaa. Lakini akili isisubiri mpaka ulimi uzoee.

La pili ni mitihani. Mwalimu ahukumiwaye kwa idadi ya waliofaulu ataona kwamba saa moja ya kupima mvua ni saa iliyopotea. Hatumlaumu, twawalaumu wanaomhukumu kwa kipimo kimoja. Wakaguzi, ambao siku hizi huitwa wathibiti ubora, waingiapo shuleni waulize daftari la mvua liko wapi, na miti iliyo hai ni mingapi. Likiulizwa na mkubwa, litafanywa. Hata hivyo twaamini kwamba mwanafunzi aliyepima kwa mikono yake hatashindwa na swali la mtihani kuliko yule aliyekariri.

WAFANYAKAZI WAFANYE NINI

Yasemwayo hapo juu hayawahusu walimu peke yao. Katika kila mji yuko fundi wa mitambo ya maji ajuaye jinsi maji yanavyosafishwa. Yuko mtumishi wa hali ya hewa ajuaye kusoma mawingu. Yuko bwana shamba, bibi afya, fundi umeme, mvuvi ajuaye bamvua na maji mafu, na dereva wa treni ajuaye daraja gani husombwa kila masika. Watu hawa ni walimu wasio na chaki. Kila tawi la wafanyakazi lichague shule moja iliyo karibu, na mara moja katika muhula limpeleke mwenzao mmoja akaoneshe kazi yake na kujibu maswali ya watoto. Faida itakuwa kwa pande mbili: mtoto ataona kwamba sayansi ina mikono yenye kovu, na mfanyakazi atakumbuka kwamba aliyonayo kichwani ni elimu yenye heshima.

Wazazi nao wabadili swali la jioni. Badala ya kumwuliza mtoto, "Umepata ngapi?", wamwulize pia, "Leo umeuliza nini?" Kamati za shule zitenge fedha kidogo kwa madaftari ya vipimo, rula, kamba na mizani. Halmashauri, ambazo ziliagizwa kupanda miti 1,500,000 kila moja kwa mwaka, ziwape wanafunzi kazi ya kuhesabu iliyopona, na hesabu hiyo isomwe hadharani kabla ya miche mipya kugawanywa. Mti uliokufa usifichwe. Usemwe ulikufa kwa ukame, kwa mbuzi, kwa mchwa au kwa uzembe, ili mwaka ujao tusirudie.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni korongo linalokula uwanja wa shule huku kila mtu akilipita. Mwanafunzi akichomeka kijiti ukingoni mwake leo, na kila mwezi akapima ni sentimita ngapi zilizoliwa, mwisho wa mwaka atakuwa na maneno ambayo hakuna kiongozi atakayeweza kuyapuuza, kwa sababu yatakuwa na tarakimu ndani yake. Shule zitakapofunguliwa muhula ujao, twataka kusikia kwamba kila moja ina kipimo chake cha mvua, hata kama ni chupa iliyookotwa barabarani. Kazi hiyo haingoji bajeti. Yangoja mwalimu mmoja, wanafunzi wachache na daftari la kurasa mia.